Uso Hautiwi Mkasi

Kitambaa kilikuwa kimeshatandazwa mezani, chaki iko mkononi, futi imening'inia shingoni, lakini mkasi haukushuka.

Hapo ni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye mstari wa mafundi cherehani. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameleta yadi tatu za kitenge cha kampeni kilichovuka Kasumulu kutoka Malawi. Ndani ya kila duara kulikuwa na uso wa mwanasiasa anayetabasamu. Mama alitaka gauni la solo la kuvaa nyumbani, basi. Fundi akakigeuza kitambaa huku na kule, akapima, akapima tena.

"Mama, hapa kwapani nitampasua usoni huyu."

"Pasua tu mwanangu. Huyo si wa kwetu."

"Wa kwetu au si wa kwetu, mama, ni uso wa mkubwa."

Mwishowe akamwomba aongeze yadi moja, na mama akaenda kuitafuta.

Jambo hilo limenikereketa kwa wiki kadhaa. Hapakuwa na askari pale wala tangazo ukutani. Mwenye kitambaa ameshatoa ruhusa, tena mbele ya watu. Aliyechorwa ni kiongozi wa nchi nyingine, ambaye hatajua maisha yake yote kwamba fundi huyo yupo duniani.

Sasa mkono ulizuiwa na nini?

Hesabu ya fundi

Kabla ya siasa kuna hesabu, na wanaoandika kuhusu sura za watawala huiruka.

Pisi ya kitenge ni yadi 6. Wanawake wengi hununua nusu yake, yadi 3, ambazo ni kama sentimita 274 kwa urefu. Kitenge kikiwa cha maua, yadi hizo zinamtosha mtu wa umbo la kati, na kipande cha kilemba kinabaki. Ua likikatika kwenye mshono hakuna anayelalamika.

Uso hauna msamaha huo. Chukua kitambaa ambacho duara linarudi kila baada ya sentimita 60. Kwenye yadi 3 unapata nyuso 4 kamili kwa urefu, na wa tano unakatika. Mmoja lazima ukae katikati ya kifua, chini ya shingo, usiliwe na ukosi. Mwingine unakwenda mgongoni, na hapo zipu ya nyuma inabidi ihamie ubavuni, maana ikipita katikati itampasua mtu kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Mkunjo wa kubana kifua usipotazamwa vizuri unamkunja pua. Mikono inakatwa kwenye nafasi zilizobaki kati ya duara na duara, nazo ni nyembamba.

Kuna na jambo la juu na chini. Kitenge cha maua fundi anaweza kukigeuza, kipande cha mbele kikaelekea huku na cha nyuma kule, akaokoa nguo. Kitenge cha uso kikigeuzwa, mtu amesimama kwa kichwa.

Shida kubwa kuliko zote ni sketi. Duara likifuata mstari wake, linatua makalioni. Aliyevaa atakuwa analikalia siku nzima. Ndiyo maana fundi mzoefu hutandaza kwanza, huweka alama za chaki kwenye nyuso anazotaka kuziokoa, kisha ndipo huchora gauni kuzizunguka. Asiyejua huanza na gauni, akishamaliza kukata anagundua ana mkono wa kushoto wenye jicho moja.

Hiyo yadi ya nne, basi, ilikuwa ya kulinda heshima ya picha. Mama alilipa. Fundi naye alilipa kwa muda wake. Aliyefaidika hakutoa chochote.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuiona Malawi ya zamani kwa jicho jingine.

Nchi isiyo na televisheni

Kamuzu Banda aliiongoza Malawi tangu uhuru wa mwaka 1964 hadi 1994, na tangu 1971 alikuwa Rais wa Maisha. Watu wa Kyela na Ileje, huku mpakani, hawahitaji kusimuliwa habari zake. Ndugu zao wako ng'ambo ya mto Songwe. Suti ya vipande vitatu, kofia ya Homburg, usinga mkononi: sura hiyo ilipangwa, ikatunzwa, ikarudiwa miaka thelathini bila kubadilika. Kila duka na kila ofisi ilipaswa kutundika picha yake, na kitu kingine hakikuruhusiwa kuning'inia juu zaidi ya hiyo picha.

Lakini kuna jambo moja ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Malawi haikuwa na kituo cha televisheni katika utawala wake wote. Kilianza mwaka 1999, yeye akiwa ameshafariki. Redio ilibeba sauti. Picha ya ukutani ilikaa ukutani. Nani angeubeba uso wake, uende sokoni, kisimani, uwanja wa ndege, uonekane ukitembea?

Wanawake.

Wanawake wa chama tawala, Malawi Congress Party, walishona magauni ya vitenge vyenye uso wake, kifuani, mgongoni na kwenye sketi. Akitua uwanja wa ndege, akizuru wilaya, ikifika sikukuu ya uhuru tarehe 6 Julai, walikusanywa vijijini, wakapakiwa malori, wakasubiri juani kwa saa nyingi, kisha wakacheza. Yeye alishuka miongoni mwao, akapunga usinga, akapiga hatua mbili tatu za ngoma. Nyuso zake kwa mamia zikawa zinacheza zikimzunguka yeye mwenyewe.

Mwili uliochaguliwa kubeba picha hiyo ulikuwa umeshafungwa kwa upande mwingine. Sheria ya mavazi ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake suruali na sketi fupi, magoti yafunikwe. Wanaume wakakatazwa nywele ndefu. Sheria ilisema usichovaa. Chama kikasema utakachovaa.

Na kadi ya chama je? Vijana wa chama walisimama vituo vya mabasi na milango ya masoko. Huna kadi, hupandi, huingii. Mwanamke mwenye tenga la nyanya na mtoto mgongoni alijua vizuri kwamba kukosa kadi ni kurudi nyumbani na nyanya zake.

Mjomba wa wanawake wote

Vitisho peke yake, hata hivyo, havielezi mkono wa fundi wa Mwanjelwa. Fundi huyo hakutishwa.

Kwa Wachewa, kabila la Kamuzu, kaka wa mama ndiye mlinzi wa dada zake na watoto wao. Yeye husimamia ndoa, hukaa kwenye mashauri, hujibu kwa niaba yao. Kamuzu alijitangaza kuwa mlinzi wa namna hiyo kwa wanawake wote wa Malawi, nao wakaitwa mbumba wake, watu walio chini ya ulinzi wake. Alipofanya hivyo aliihamisha siasa, akaipeleka nyumbani. Mwanamke aliyekataa kumchezea hakuonekana mpinzani. Alionekana hana adabu kwa mjomba.

Hapa ndipo ilipo akili ya jambo lenyewe, na hapa ndipo panaponitia hofu zaidi.

Upinzani wa kisiasa unaweza kuulea moyoni kwa siri. Adabu huwezi kuikataa kwa siri, kwa sababu ilishaingia mwilini kabla hujajua kusema. Huku kwetu, kwa Wanyakyusa, mkaza mwana na baba mkwe wamezoea kukwepana njiani. Mwanamke aliyelelewa hivyo humkwepa mkwe kabla hajafikiri, miguu inajua. Mtawala akishaweza kujipachika kwenye adabu ya aina hiyo, hahitaji tena askari kila kona. Mkono unasita wenyewe. Mkasi unabaki hewani.

Kwa hiyo naamini fundi alikuwa mtu mwema. Alifundishwa kuheshimu uso wa mkubwa, akauheshimu. Adabu hiyo hiyo ndiyo inayomfanya asimame mzee akiingia, na sitaki aipoteze. Ninachokipinga ni kwamba kuna watu wamejifunza kuitumia bure.

Wimbo wenye pengo la jina

Ngoma nayo ilipitia njia hiyo, na historia yake huku kusini inauma kidogo.

Pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma, watu wanacheza mganda. Ng'ambo, kaskazini mwa Malawi, ngoma ndugu yake inaitwa malipenga. Zilikua baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, vijana wakiiga gwaride la King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza: mistari iliyonyooka, hatua za pamoja, kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Walijipa vyeo vya kijeshi. Kijiji kilialika kijiji, wakashindana.

Tazama walichofanya. Waliichukua sura ya utawala wa kikoloni, wakaivaa kwa hiari yao, wakaigeuza mchezo wao. Kapteni wa mganda alichaguliwa na wachezaji. Akiwa mbaya, timu inavunjika, watu wanakwenda kucheza kwingine. Mamlaka ya kuigiza yalikuwa mikononi mwa waigizaji.

Chini ya utawala wa Kamuzu mambo yaligeuzwa. Ngoma za vijijini ziliitwa viwanjani, na siku ya kucheza ikapangwa na aliye juu. Kubadilisha nyimbo hakukuwa kazi, na anayezijua nyimbo za kuitikiana anaelewa sababu. Kiongozi wa wimbo anatupia mstari, kundi linaitikia. Katika nyimbo nyingi za sifa kuna pengo la jina: la bwana harusi, la mzazi, la chifu. Makofi yako vilevile, kiitikio kiko vilevile. Unachohitaji ni kulitoa jina moja na kutia jingine lenye silabi zinazokaribiana. Jina likiwa refu, unameza silabi au unarefusha kofi moja. Mchana mmoja wa mazoezi unatosha.

Wanaosema nyimbo za kumsifu Kamuzu ziliandikwa na chama hawajasikiliza vizuri. Nyingi zilikuwa nyimbo za watu, na chama kilidai lile pengo.

Franco naye

Mambo haya hayakuwa ya Malawi peke yake. Mobutu aliyetwaa madaraka Kongo mwaka 1965 alikuwa na televisheni, na taarifa ya habari ya jioni ilifunguliwa kwa uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Baada ya ziara zake China na Korea Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, vikundi vya kucheza na kumsifu vilienea hadi maofisini na viwandani.

Franco, mwanamuziki wa Kongo, na bendi yake ya TPOK Jazz tunawajua. Kuanzia Tunduma hadi Makambako hakuna baa ya zamani ambayo haikuwapiga. Mwaka 1978 Franco alifungwa kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Mwaka 1984 alitoa wimbo mrefu wa kumnadi Mobutu, katika uchaguzi ambao Mobutu alikuwa mgombea pekee.

Sipati hukumu rahisi hapo. Mwanamuziki mwenye bendi kubwa analisha familia nyingi, anahitaji vyombo, studio, ruhusa ya kusafiri, na vyote hivyo vinapita mezani kwa serikali. Lakini wimbo wa kumnadi mgombea asiye na mpinzani una kazi gani? Kura hazihitaji. Kazi yake ni kumfanya kila anayecheza baa usiku ule awe ameshiriki, apende asipende, kwa sababu gitaa ni tamu.

Utamu wa gitaa ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo tatizo.

Furaha ambayo siwezi kuikana

Kuna shaka ambayo imenirudisha nyuma mara nyingi katika kuyafikiri haya. Wako wanawake wa Malawi waliocheza enzi zile na wanaozikumbuka kwa furaha: safari za mbali, marafiki wa wilaya nyingine, nguo mpya, kuonekana. Mwanamke ambaye maisha yake yote ni jembe na kuni, siku moja anapanda lori anaimba. Mimi ni nani nimwambie furaha yake ilikuwa ya uongo?

Na si kila kitambaa cha uso ni cha kulazimishwa. Kapteni John Komba, mwana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na kundi lake la muziki la TOT (Tanzania One Theatre) lililoanzishwa mwaka 1992, waliimba kwa ajili ya CCM na hawakuficha. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, nyimbo zao za maombolezo ziliwaliza watu ambao hawakuambiwa na yeyote walie. Hapa Mbeya vijana walivaa magwanda ya Chadema kwa pesa zao wenyewe. Upendo kwa kiongozi upo, na kuuvaa mwilini si utumwa.

Basi mstari unapita wapi?

Nilidhani unapita kwenye malipo: aliyelipwa ni wa kununuliwa, asiyelipwa ni wa kweli. Haisimami. Wanawake wa Kamuzu wengi hawakulipwa kitu, na mpiga ngoma anastahili ujira wake popote. Nikadhani unapita kwenye ukubwa wa picha. Nao hausimami.

Sasa naona unapita kwa yule aliyebaki nyumbani. Usimtazame anayecheza, kwa sababu sura yake haitakwambia. Mtafute asiyekwenda. Alipokewaje sokoni kesho yake? Mtoto wake aliitwaje shuleni? Nani aliandika jina lake? Kama hakuna kilichomtokea, ngoma ile ilikuwa ngoma.

Kipimo hicho hakihusu Malawi tu. Februari 2018, mahakama hapa Mbeya ilimhukumu Joseph Mbilinyi, Sugu, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini na mmoja wa waasisi wa hip-hop ya Kiswahili, kifungo cha miezi mitano pamoja na Emmanuel Masonga wa chama chake, kwa kutoa lugha ya fedheha dhidi ya Rais wa wakati huo, John Magufuli, kwenye mkutano wa hadhara. Walitoka Mei mwaka huohuo. Wasanii waliopanda majukwaa kumsifu Rais huyohuyo walirudi nyumbani salama, na hilo ni sawa. Wana haki ya kusifu. Lakini sifa ina thamani gani pale ambapo kinyume chake ni gereza?

Makofi yaliyoagizwa

Tarehe 8 Machi 1992 barua ya maaskofu Wakatoliki wa Malawi ilisomwa makanisani nchi nzima. Haikuwa na picha wala wimbo. Ilitaja umaskini, hofu, na watu kunyimwa haki ya kusema. Serikali ilitaharuki vibaya sana kuhusu karatasi ile, na mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1993, wananchi waliulizwa kwa kura kama wanataka vyama vingi. Takriban asilimia 64 walisema ndiyo.

Wengi wa waliosema ndiyo walikuwa wamecheza. Magauni yalikuwa bado yako masandukuni.

Lazima niongeze, kwa haki, kwamba mkoa wa Kati, nyumbani kwake, wengi walipiga kura ya kubaki na chama kimoja. Kulikuwa na mapenzi ya kweli mle ndani. Lakini Kamuzu hakuwa na namna ya kuyatenganisha na ya kuigiza, kwa sababu aliwaagiza wote wacheze, wanaompenda na wanaomwogopa, kwa kitambaa kimoja na wimbo mmoja. Aliziba mwenyewe dirisha ambalo angelionea taifa lake.

Baada ya 1994 ngoma hazikufa. Vyama vikaongezeka, rangi zikaongezeka, na wanawake wakaendelea kuitwa kucheza, sasa kwa vyama vingi. Wako wenye vitenge vya vyama vitatu kwenye sanduku moja. Wengine huona aibu kwa hilo. Mimi naona nafuu, maana aliyechoka anaweza kukaa nyumbani.

Kabla ya kupanda lori

Vikundi vya ngoma na kwaya vya Rungwe, Makete, Mufindi na Iringa vijijini huitwa kila mara kiongozi akija. Sioni sababu ya kuwaambia wasiende. Ila kuna mambo ya kukubaliana kabla injini haijawashwa, tena kwa maandishi, hata kama ni karatasi ya daftari iliyosainiwa na mwenyekiti wa kikundi na aliyewaita.

Maneno ya wimbo yaamuliwe na kikundi. Mwalikaji aombe, asiandike. Saa ya kufika na saa ya kucheza zitajwe zote mbili, kwa sababu kinachowaangusha watu juani si kucheza, ni saa nne za kusubiri katikati. Maji na chakula viwepo mahali pa kusubiria, si vigawiwe baada ya hotuba. Malipo yapokelewe na mhazini siku hiyohiyo, yasomwe mbele ya wote. Gari la kurudi liwe na dereva anayejulikana na muda unaojulikana. Vikundi vingi vimeachwa uwanjani usiku, wenye watoto mgongoni, kwa sababu mwaliko ulitaja safari ya kwenda tu. Na sare ikitolewa, iwe ya hiari: anayetaka kuvaa nguo zake za ngoma avae.

La mwisho ndilo nisilotaka lilegezwe hata kidogo. Orodha ya mahudhurio iandikwe na katibu wa kikundi, ibaki kwenye daftari la kikundi. Mtendaji akiiomba, apewe idadi ya waliokuja, bila majina.